Wanahesabuje ndege wanaopita angani bila kumhesabu mmoja mara mbili?

#1 MbebaBoksi
Wakuu, salamu. Nipo Pennsylvania, mwaka wa tisa huu nabeba boksi. Jumamosi iliyopita mwanangu wa darasa la nne kanikokota mpaka mlima unaitwa Hawk Mountain, yaani Mlima wa Vipanga. Mwalimu wao kawaambia kila vuli kuna watu wanakaa kileleni kuhesabu mwewe wanaohama kwenda kusini.

Tumepanda kwa miguu, njia yote mawe. Juu, wanapaita North Lookout, tumekuta watu kama sitini wamekaa kwenye miamba. Wazoefu unawajua, wamebeba vimto vya kukalia na chupa za chai. Kuna mlingoti una bundi wa plastiki kileleni. Mbele ni bonde na mgongo wa mlima unaoenda mpaka macho yanachoka. Pembeni kakaa mama mmoja wa makamo, haongei na mtu, mkononi kashika kidude cha kubonyeza kama zile tasbihi za kisasa. Mtu anapaza sauti, "juu ya namba tatu!" (vile vinundu vya mgongo wa mlima wamevipa namba), wote wanageuka. Mimi naangalia, naona mbingu tupu. Mama anabonyeza tik, tik, tik, hata kope hapepesi.

Saa tisa alasiri imeandikwa elfu moja na ushee. Mimi kwa macho yangu nimeona kama arobaini, na wawili kati yao nadhani walikuwa kunguru.

Swali langu: ndege hana namba ya usajili. Anazunguka, anapotelea wingu, anatokea tena. Unajuaje siye yule yule? Na wanafanya hivi tangu 1934. Sisemi wanadanganya, nauliza tu. Nawasilisha.

#2 Kunguru Mwoga
Siti ya mbele. Yaani umelipa kiingilio ukaangalie mwewe? Kwetu Gongo la Mboto anakuja bure na anaondoka na kifaranga.

#3 Karani wa Sensa
Mkuu, mimi 2022 nilikuwa karani wa sensa, na swali lako nililiulizwa kila kaya: "Nikisafiri kesho si nitahesabiwa tena huko?" Dawa yake ni mstari. Sisi mstari wetu ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ulilala wapi usiku ule? Unahesabiwa hapo hapo, hata kama alfajiri umeshapanda basi la Mwanza. Hao nao lazima wana mstari. Anayeuvuka kwenda kusini anaandikwa, anayerudi kaskazini anafutwa.

#4 Kunguru Mwoga
#3 kwetu hukufika. Mpaka leo natembea sijahesabiwa.

#5 Darubini Kuukuu
Karani yuko karibu na ukweli. Mimi ni muongoza watalii Arusha, na mwaka mmoja nilipata bahati ya kwenda kujitolea wiki mbili Batumi, nchi ya Georgia (ile ya Caucasus, si jimbo la Marekani). Wanahesabu pale tangu 2008, na msimu ukiwa mzuri wanapita zaidi ya milioni moja. Sababu ni umbile la nchi: kushoto Bahari Nyeusi, kulia milima, ndege wote wanabanwa kwenye kichochoro.

Kosa lako, MbebaBoksi, uliwaangalia wanapozunguka. Hapo hakuna anayehesabu. Ndege wa mabawa mapana ni mvivu wa kupiga mabawa, kwa hiyo anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Wakiipata wanaingia kundi zima, wanazunguka kama majani ya chai kwenye kikombe ulichokoroga, wanapanda, wanapanda, mpaka hewa inaisha nguvu. Hapo wanamwagika. Wananyoosha mabawa, wanateremka taratibu wakifuatana kama siafu mpaka kwenye hewa ya moto nyingine. Unawahesabu wakimwagika. Unachagua kitu kisichosogea, ncha ya mti au nguzo ya umeme, na kila anayekivuka unabonyeza.

Wakizidi kasi ya dole gumba, unahesabu kumi wa kwanza, unalishika fungu lile kwa jicho, unalisogeza: kumi, kumi, kumi. Siku ya kwanza nilikuwa nakosea vibaya sana. Kiongozi wetu alikuwa ananiuliza "wangapi?", namjibu 200, yeye anasema 340. Wageni karibu wote wanakosea upande wa kupunguza.

Na vituo ni viwili, Sakhalvasho na Shuamta, kwa sababu hali ya hewa ikibadilika ndege wanasogea bara. Mnaongea kwa redio: "kundi hilo ni lenu au letu?" Wala usifikiri ni kazi ya starehe. Shingo ilinisumbua mpaka Krismasi.

#6 Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, kabla hamjahesabu niambieni mnahesabu nini. Mwenye uzi kaanza na kipanga, kafika katikati kasema mwewe. Mwewe ni yule wa mkia wenye panda, mwizi wa vifaranga. Kipanga ni mwingine. Kozi ni mwembamba, mabawa kama jambia, mwendo wa risasi. Tai ndiye mkubwa wao. Furukombe anakula samaki. Sasa huko kwenu mnawachanganya wote kapu moja?

#7 Mzee wa Shela
Bi Mkubwa, shikamoo. Ila kwetu Lamu huyo mwizi wa vifaranga ndiye kipanga, na mwewe ni jina la Wabara.

#8 Bi Mkubwa wa Tanga
Marahaba. Lamu mna yenu.

#9 Mtaita
Mimi nina shida na neno "vuli" hapo juu. Vuli ni mvua, Oktoba mpaka Desemba. Majani yetu hayapukutiki, ndiyo kwanza yanachipua. Mtu wa Voi akisoma "kila vuli vipanga wanahama" atafikiri wanaondoka, kumbe kwetu ndiyo wanafika.

#10 MbebaBoksi
#9 kamusi ya mtoto inasema vuli. Andika basi "majira ya kupukutika majani" kila sentensi uone kama hutachoka.

#11 Dogo Janja 77
Kwa hiyo hao wa Pennsylvania ndio tunaowaona huku Novemba? Dunia ndogo.

#12 Darubini Kuukuu
Hapana. Wanaomfanya mama abonyeze hivyo mwezi wa Septemba ni vipanga wadogo wa misituni, mabawa mapana, wanaenda Amerika ya Kati na Kusini. Wanapita Texas, kisha Veracruz kule Mexico, na pale wakichanganyika na wenzao idadi inapita milioni 4 kwa msimu. Batumi ilikuwa kichochoro, Veracruz ni mto. Wa kwetu wanatoka Ulaya na Asia. Ndege mkubwa anayetegemea hewa ya moto hapendi bahari, kwa sababu juu ya maji hewa hiyo haipandi. Ndiyo maana wanazunguka: Gibraltar, Suez, au wanashuka Uarabuni na kuvukia Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Yemen na Djibouti. Vuli ya 1987 (samahani Mtaita) waliohesabu upande wa Djibouti waliandika zaidi ya 240,000, wengi wakiwa tai wa nyika za Asia na vipanga wa nyika.

#13 Bahari Haishi
Bab el-Mandeb naijua, nimeipita na meli mara nyingi kuliko nilivyopita Kariakoo. Mwezi wa kumi, asubuhi jua likianza kuchoma, unawaona wanatoka upande wa Yemen juu kabisa, nukta nukta. Sikuwahi kuhesabu. Mpishi wetu, Mmakonde, alikuwa anasema hao ni roho za mabaharia. Mimi nilikuwa naona ni tai.

#14 Mtaita
#12 umesema hawapendi bahari. Mbona kozi wa Amur anavuka Bahari ya Hindi nzima? Wanatoka Siberia na kaskazini mwa China, wanatua kaskazini-mashariki mwa India, kisha wanaikata bahari mpaka Somalia, karibu kilomita 3,000 bila kutua. Uzito wake robo kilo haufiki! Huko India, jimbo la Nagaland, watu walikuwa wanawanasa kwa nyavu kwa maelfu. Mwaka 2012 picha zikasambaa, 2013 vijiji vyenyewe vikapiga marufuku, na kozi watatu wakavishwa vifaa vya satelaiti. Mmoja alipewa jina Pangti, jina la kijiji kilichokuwa kinawanasa.

Nawaona kila mwaka, mwisho wa Novemba au Desemba, kati ya Voi na Maungu, mvua ikishanyesha na kumbikumbi wakatoka. Mwaka juzi nilisimamisha lori kandoni. Kozi wamejaa juu ya barabara kama vumbi, kila mmoja anadaka kumbikumbi kwa mguu, anamla huko huko hewani, mabawa yale mepesi yanatudondokea kwenye kioo. Utingo wangu akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika mia mbili na kitu akasema, bosi, twende tu.

#15 Darubini Kuukuu
Hapo umenishika. Nilisema ndege mkubwa. Kozi anapiga mabawa mwenyewe, hasubiri lifti.

#16 Mla Kumbikumbi
Bahari nzima anakula nini? Nilisikia wanafuata kereng'ende, kwamba nao wanavuka kutoka India kupitia Maldives msimu huo huo. Yaani chakula kinaruka mbele, mlaji nyuma.

#17 Mzee wa Shela
Huo ni upepo, mwanangu. Kaskazi ikianza kuvuma, majahazi ya Bara Hindi na Uarabuni yalikuwa yanakuja nayo. Nahodha hakuwa akifuata kereng'ende.

#18 Mla Kumbikumbi
Mzee, mimi naona vyote viwili. Kereng'ende naye anabebwa na kaskazi hiyo hiyo.

#19 Mzee wa Shela
Basi ni kaskazi.

#20 Salim wa Ruwi
Assalaam alaykum. Mimi Muscat, wazee wangu wa Unguja. Tai wa nyika waliotajwa #12, njooni huku muwaone. Upande wa Amerat kwenye jalala la mji, kuanzia majira ya baridi, wamekaa mamia kwa mamia juu ya vilima kama kuku wa mtu. Lori la taka likimwaga wanashuka. Nilipeleka wageni, wakadhani nawatania: mtu kasafiri aone mfalme wa ndege, anamkuta anavuta mfuko wa plastiki wenye mabaki ya biriani.

Hoja yangu ni hii. Mkiwahesabu Djibouti mwaka huu wakawa wachache kuliko 1987, mtasema wamekufa. Labda wamekaa kwetu tu. Nani aende mpaka Serengeti wakati biriani ipo Muscat?

#21 Karani wa Sensa
#20 hiyo sasa ndiyo shida yenyewe. Ukihesabu mlangoni unapata wanaopita mlangoni. Waliopitia dirishani au waliobaki sebuleni huwajui.

#22 Dokta wa Mifugo
Ndugu Salim, wengine kweli wanakaa majalalani, lakini tai huyo aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2015. Anakufa kwenye nyaya za umeme, anakula mizoga yenye sumu. Na dawa za maumivu tunazomchoma ng'ombe, mzoga ukiachwa porini, zinaua figo za ndege wala mizoga. Usimtegemee sana jalala.

#23 MbebaBoksi
Wakuu, nimerudi na jambo. Nilirudi mlimani Jumamosi hii, peke yangu. Nilikaa na mzee mmoja anayekwenda pale tangu kijana, akaninong'oneza kwamba wengine wanaongezeka, lakini kuna kozi mmoja mdogo, saizi ya hua, mgongo rangi ya kutu, anazidi kuadimika. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema chagua unayoitaka: mashamba yamegeuka nyumba na misitu, miti mikavu yenye matundu ya kutagia imekatwa, dawa za mashambani zimemaliza panzi, kuna kipanga mkubwa zaidi kaongezeka na anamla mdogo, baridi imepungua, kwa hiyo anabaki huko kaskazini, hapiti kabisa. Nikamuuliza yeye anaamini ipi. Akasema inategemea ni mwaka gani unamuuliza.

#24 Fundi Saa
Mimi naongeza ya sita: waliokuwa wanahesabu zamani na wa sasa si watu wale wale. Darubini za 1934 na za leo ni mbingu na ardhi. Siku hizi mna macho sitini kwenye mwamba, zamani alikuwa mtu mmoja na mkewe. Kama idadi ya ndege ingebaki palepale, hesabu ilipaswa kupanda tu. Ndiyo maana namba inayoshuka naiamini, namba inayopanda siiamini.

#25 Kunguru Mwoga
#24 umeongea kama mtu aliyewahi kuhesabu kura.

#26 Mwalimu Mstaafu, Unguja
Nawaongezea kisa kimoja. Mlima huo huo ulisaidia kumkamata mwizi. Yule tai wa kichwa cheupe, wa kwenye nembo ya Marekani, mtoto wake kichwa ni cha kahawia mpaka apate miaka kama mitano, kwa hiyo ukiwa mlimani unaweza kutenga wazazi na watoto. Miaka ya 1935 hadi 1939, kati ya kila tai kumi waliopita, wanne walikuwa watoto. Ilipofika 1955 hadi 1959 wakawa wawili tu. Mwaka 1957 alionekana mtoto mmoja kwa wakubwa 32. Yaani wazazi wapo, wanaruka vizuri, ila hawazai. Mwandishi Rachel Carson akaziweka hesabu hizo kwenye kitabu chake cha 1962. Mwizi alikuwa DDT, dawa ya kuua wadudu, inafanya ganda la yai liwe jembamba, mama akilalia linapasuka. Marekani wakaipiga marufuku 1972 na tai wakarudi. Mimi nikiwa mtoto hapa Unguja nyumba zetu zilipulizwa hiyo hiyo DDT kwa ajili ya mbu. Tulikuwa tunaifurahia harufu yake.

Kwa hiyo ndugu Fundi Saa, hapo hata kama darubini mbovu, imekosea wazazi na watoto sawasawa. Uwiano unabaki.

#27 Fundi Saa
Mwalimu, shikamoo. Kwa uwiano nakubali. Ila mtoto na mkubwa hawapiti wiki moja wala njia moja. Msimu wakianza kuhesabu mapema au wakichelewa kufunga, uwiano nao unacheza.

#28 Mwalimu Mstaafu, Unguja
Marahaba. Hujakosea.

#29 Dogo Janja 77
Kwani 1934 nani alikuwa na muda wa kuhesabu mwewe? Si ndiyo ilikuwa njaa ya dunia nzima?

#30 MbebaBoksi
#29 hiyo ipo kwenye maelezo yao pale chini. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda mlima Jumapili na bunduki, wanawatungua kwa mamia kama mchezo, mizoga imetapakaa msituni. Serikali ya jimbo ilikuwa inatoa dola 5 kwa kila kipanga wa aina fulani aliyeuawa, kisa wanakula kuku. Mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, aliyewahi kupigania wanawake wapige kura, akakodi mlima mzima, ekari kama 1,400, kwa dola 500, na kumweka kijana Maurice Broun na mkewe Irma wawazuie wawindaji. Broun akikaa pale juu ya mwamba akaona bora ahesabu.

#31 Kunguru Mwoga
Dola 5 kwa mwewe mmoja! Gongo la Mboto tungekuwa matajiri.

#32 Asiyeamini Kitu
Nimesoma uzi wote. Kuna sehemu nimeona tarehe 14 Septemba 1978 mlimani hapo walipita zaidi ya 21,000 siku moja. Halafu wastani wa msimu mzima ni kama 18,000. Siku moja ipite msimu? Hiyo ni chai, tena ya tangawizi.

#33 Darubini Kuukuu
Si chai. Hao wa mabawa mapana karibu wote wanapita ndani ya siku kumi hivi, katikati ya Septemba. Baridi ikishuka kutoka Kanada, upepo wa kaskazini-magharibi ukapiga ubavu wa mlima na kupanda, wanateleza juu ya mgongo ule kama kwenye reli. Upepo ukigeuka wanapita kilomita kumi pembeni, na mama atakaa na tasbihi yake anahesabu vipepeo. Kuhesabu daladala ukiwa Ubungo ni tofauti na kuhesabu ukiwa Kisarawe.

#34 Asiyeamini Kitu
Sasa si umenisaidia mimi? Kama upepo ndio unaamua, mnahesabu upepo.

#35 Karani wa Sensa
Ndiyo maana wanakaa miaka tisini na ushee. Upepo wa mwaka mmoja ni bahati, upepo wa miaka tisini unajifuta wenyewe.

#36 Asiyeamini Kitu
Isipokuwa kama upepo wenyewe unabadilika. Si mnasema hali ya hewa imebadilika?

#37 Mzee wa Shela
Kaskazi ya siku hizi si ile. Hilo naweza kuapa.

#38 Papa Bukavu
Bandugu, huku kwetu tunaona vipanga wengi wanapita juu ya ziwa Kivu, lakini hakuna anayehesabu. Huyu mama wa tasbihi aje, tutamupa kiti.

#39 MbebaBoksi
Mrejesho wa mwisho, nawahi zamu. Leo nilimpeleka dogo tena. Nilinunua tasbihi mbili za kubonyeza, moja yake moja yangu. Mabawa mapana wameshakwisha, mzoefu mmoja aliyekalia kimto cha maua akaniambia tungoje Novemba tai wa dhahabu. Lakini saa nane likaja kundi dogo juu ya namba mbili, tukawangoja wamwagike kama Darubini alivyofundisha. Mimi 47. Dogo 61. Tukamsogelea mama, tukamwonyesha. Akatazama tasbihi ya dogo, akatazama yangu, akaandika yake bila kutuonyesha. Dogo akamuuliza nani kapatia. Akasema, "Wawili wa mwisho walikuwa kunguru."

#40 Kunguru Mwoga
Nilipita tu kusalimia.